Rafu Husema Kabla ya Mwenye Duka

Duka linaloelekea kufa hujulikana kwa rafu zake. Ingia duka lolote la mtaani, uangalie kilichobaki. Ukikuta viberiti, chumvi, mishumaa, kalamu na sabuni ambazo makaratasi yake yameshafifia, lakini sukari hakuna, unga uliisha jana na mafuta ya kupima yanakuja kesho, ujue mwenye duka yuko njiani kufunga, hata kama mwenyewe hajajua. Vinavyotoka haraka vimeuzwa na fedha yake haikurudi kununua vingine. Vimebaki vile ambavyo mtu hununua mara moja kwa mwezi.

Nalijua hili kwa sababu rafu zangu zilifika hapo. Nilikuwa na fremu ndogo Vingunguti, Dar es Salaam, nikiuza unga, mchele, maharage, sukari na mafuta. Nilidumu mwaka mmoja na miezi michache. Wateja sikuwakosa hata siku moja. Wiki ya mwisho kuna waliokuja kugonga nyumbani kuuliza kama maharage bado yapo. Nilipofunga nilisema yale yanayosemwa na kila anayefunga: biashara ngumu, hela hakuna mtaani, mtaji ulikuwa mdogo. Ilinichukua muda mrefu kukubali kwamba mtaji haukuwa mdogo siku nilipoanza. Niliula, kidogo kidogo, kila jioni, bila kujua kwamba ninakula.

Ndiyo maana ninaandika haya. Nimekaa na wenye magenge, wapika supu, mafundi cherehani na wenye maduka wengi wa huku kwetu, nikiwasaidia kuandika hesabu zao, na ninachokiona ni kilekile. Biashara nyingi ndogo hazifi kwa kukosa wateja. Hufia mfukoni mwa mwenyewe, pale ambapo fedha ya kununulia mzigo wa kesho na fedha ya mboga ya leo zinalala pamoja. Mikopo mibaya, bei za kukisia na madeni yasiyolipika huingia baadaye, na mlango yanaoingilia ni huo.

Vingunguti hasa si mahali pa kulalamikia wateja. Kata imebanwa kati ya Barabara ya Nyerere, yenye viwanda na maghala yake, na bonde la Mto Msimbazi. Nyumba zimesongamana, na watu wa chumba kimoja hununua kila kitu kwa kipimo cha siku: robo ya sukari, mafuta ya kupima, mkaa wa kopo. Halafu kuna machinjio. Yale ya zamani, ambayo Rais John Magufuli aliyafikia mwaka 2019 na kuagiza mapya yakamilishwe haraka, yamepisha machinjio ya kisasa yaliyojengwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Ng'ombe na mbuzi wanaingia, na kabla jua halijachomoza wenye bucha, wauza utumbo, wanunuzi wa vichwa na makongoro, watu wa ngozi, vijana wa maguta na akina mama wa chai wameshapeana fedha mikononi. Fedha ipo. Swali ni inakolala usiku.

Tumchukue mama mmoja anayepika supu asubuhi karibu na machinjio. Nitaweka namba za mfano. Wewe weka za kwako. Tuseme utumbo, makongoro na nyama ya kichwa vinamgharimu 60,000 kwa siku. Unga na mafuta ya chapati 14,000. Mkaa 6,000. Vitunguu, ndimu, tangawizi, pilipili na chumvi 4,000. Maji 1,500. Guta 3,000. Kijana wa kuosha vyombo 7,000. Usafi 500. Jumla 96,000. Anauza bakuli 70 za 1,500 na chapati 60 za 300. Hiyo ni 105,000 na 18,000, jumla 123,000. Bakuli 6 zimeliwa kwa mkopo, kwa hiyo saa tano asubuhi anapofunika sufuria, kwenye mkoba wake wa kiunoni mna 114,000.

Hapo ndipo macho yanapomdanganya. Anaona 114,000, na mtu mwenye 114,000 saa tano asubuhi anajiona ana hela. Mtoto anadai daftari la shule, anatoa. Shoga yake ana msiba, anatoa. Anapita kwa muuza vitenge, anaacha kianzio. Wala si mbadhirifu. Kila alichotoa kilikuwa na haki ya kutolewa. Lakini katika zile 114,000, 96,000 si zake. Ni za sufuria ya kesho. Kibanda anakilipia 52,000 kwa mwezi, na akipika siku 26 hiyo ni 2,000 ya kila siku. Bakuli zinavunjika, sufuria zinatoboka, jiko linachakaa. Aweke 1,000 ya vyombo. Kilichobaki chake kweli ni 15,000. Akitoa 25,000 siku hiyo, ameula utumbo wa kesho kabla haujanunuliwa. Kesho yake atanunua wa 50,000 badala ya 60,000, supu itakuwa nyepesi, bakuli zitapungua, na baada ya wiki tatu atasema wateja wamehamia kwa mwenzake.

Ukisoma makala hii na ukaamua kufanya jambo moja tu, fanya hili: tenganisha fedha. Sisemi kwa nia wala kichwani. Tenganisha kwa mikono. Mikoba miwili, makopo mawili, laini mbili za simu. Jioni, kabla hujanunua hata nyanya, hesabu yote na utoe kwanza fedha ya mzigo wa kesho. Hiyo iingie kwenye kopo la biashara na isitoke mpaka alfajiri, inapokwenda machinjioni au Kariakoo. Ya kodi ya fremu itoke kila siku hivyohivyo, kwa sababu wenye nyumba wa Dar es Salaam wengi hudai ya miezi sita kwa mkupuo, na hakuna kinachoua maduka mengi kwa siku moja kama siku ya kodi. Nimeona fremu tatu mfululizo zimefungwa ndani ya wiki moja. Wenyewe walikuwa wakiuza vizuri tu, ila miezi sita ilifika nao walikuwa wakiila tangu mwezi wa kwanza.

Laini ya simu ina faida ya ziada. Tangu huduma za fedha za simu zilipoanza nchini mwaka 2008, wateja wengi wamezoea kulipa kwa simu, na mwenye biashara huwapa namba yake ileile anayopigiwa na shangazi kutoka kijijini. Baada ya mwezi hakuna anayejua kilichoingia ni mauzo au ni zawadi. Chukua laini ya biashara pekee, au lipa namba, mauzo yaingie huko na ya mzigo yalipwe kutoka huko. Siku ukihitaji mkopo wa maana, taarifa ya miamala ya laini hiyo ni ushahidi ambao mkopeshaji hawezi kuubishia.

Kisha jilipe mshahara. Watu hucheka ninaposema hivi: mtu anajilipaje mwenyewe? Lakini usipojilipa kiasi kinachojulikana, utajilipa kisichojulikana, na kisichojulikana siku zote ni kikubwa zaidi. Yule mama mwenye 15,000 anaweza kusema: 9,000 ni mshahara wangu, 3,000 ni akiba ya dharura, 3,000 inakaa ikuze biashara. Kama nyumba yake inahitaji 14,000 kwa siku na mshahara ni 9,000, basi hesabu imemwambia mapema jambo ambalo angeambiwa baadaye na rafu tupu. Ama aongeze bakuli, ama apunguze gharama, ama mtu mwingine wa nyumba ile achangie.

Hapa niseme jambo ambalo semina za ujasiriamali hulipita kimya. Utafiti wa taifa wa biashara ndogo uliotolewa mwaka 2012 ulihesabu biashara zaidi ya milioni 3 nchini, na zaidi ya nusu ya wenye biashara hizo walikuwa wanawake. Kwenye nyumba nyingi, mke anapoanza kuuza vizuri, baba huacha kuacha hela ya kula. Hakuna kikao kinachokaa kuamua. Asubuhi moja haachi, wala keshoye haachi, na genge la mke linakuwa ndilo jiko la nyumba. Nimeona biashara nzuri zikifa hivyo, na mwanamke akaambiwa hajui kutunza hela. Baba unayesoma haya, kama mkeo ana kibanda, endelea kuacha hela ya kula kama ulivyoacha kabla ya kibanda. Ukiacha, hata 5,000, umewekeza kwenye biashara kuliko mkopeshaji yeyote. Na mama, kaa na mwenzio umwonyeshe daftari. Mwanamume anayeona kwa macho kwamba 96,000 ni za kesho ni rahisi kuelewa kuliko anayeambiwa hamna hela wakati ameona mkoba umejaa.

Ndugu nao. Huwezi kuishi Vingunguti ukawafungia mlango watu wako, wala sikushauri. Usemi wangu wa siku hizi ni huu: "Mshahara wangu wa leo ni elfu tisa, katika hiyo nina elfu mbili ya kukupa." Nilikuwa nikisema sina, huku mtu anaona duka limejaa mchele, na uhusiano ukaharibika. Ukitaja kiasi na ukakitoa, mtu huondoka ameheshimiwa na mchele unabaki kwenye gunia.

Sasa tuje kwenye mkopo, ambao nimeona ukifunga biashara nyingi kuliko mvua na moto. Mtaani tunauita kausha damu na jina linatosha. Yule mama wa supu, baada ya kuula mtaji, anakuta kijana anayekopesha bila maswali mengi. Anachukua 300,000, arudishe 390,000 kwa siku 30, yaani 13,000 kila siku. Anaambiwa ni elfu kumi na tatu tu, bakuli tisa za supu. Anahesabu bakuli tisa kati ya sabini, anaona nafuu.

Fanya hesabu pamoja nami. Kilichobaki chake kwa siku ni 15,000. Akitoa marejesho ya 13,000 anabaki na 2,000 ya kulisha nyumba. Na yeye anapika siku 26, ila mkopo unadai siku 30. Zidisha 15,000 kwa 26: ni 390,000. Ni ileile anayodaiwa, hakuna senti iliyobaki. Kwa mwezi mzima ameamka saa tisa usiku kumpikia mkopeshaji, na watoto wamekula mtaji. Ndiyo sababu siku ya 20 anachukua mkopo wa pili kulipia wa kwanza, na hapo hakuna tena anayehesabu.

Riba yenyewe haiko kama inavyotajwa. Inaonekana ni asilimia 30. Lakini kwa kuwa unarudisha kila siku, ile 300,000 yote hukai nayo mwezi mzima. Katikati ya mwezi umeshabaki na nusu. Ukichukua wastani, umekaa na 150,000 na umelipia 90,000. Hiyo ni asilimia 60 kwa mwezi mmoja. Sijui kibanda cha halali kinachozaa kiasi hicho.

Simaanishi usikope. Ninamaanisha ukope kwa kitu kinachozaa haraka kuliko mkopo unavyokula. Kukopa ununue sufuria kubwa kwa sababu kila siku wateja 20 wanaondoka supu imekwisha, hilo lina mantiki. Kukopa ulipe ada ya shule kwa kutegemea supu ileile, biashara haitabeba. Na kabla hujaweka dole gumba, omba mambo mawili: leseni na nakala ya mkataba. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka anayekopesha kama biashara awe na leseni, na Benki Kuu ndiyo msimamizi. Anayekataa kukuonyesha leseni, au anayechukua kadi yako ya benki na namba ya siri kama dhamana, muache, hata kama shida imekushika koo.

Njia nyingine zipo, ni za polepole tu. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji ulisimamishwa mwaka 2023 baada ya kasoro nyingi kuonekana, kisha ukarejeshwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Watu wa Vingunguti tuko chini ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, iliyokuwa Manispaa ya Ilala mpaka mwaka 2021, na pa kuanzia ni ofisi ya kata, kwa ofisa maendeleo ya jamii. Kikundi kinahitaji usajili, akaunti na biashara inayoonekana. Kikoba cha watu mnaoaminiana nacho ni kizuri, mradi hisa zitoke kwenye mshahara wako. Ukizitoa kwenye kopo la mzigo, umehamisha shimo tu. Hivyohivyo mchezo wa kupeana: panga zamu yako iangukie mwezi wa kodi ya fremu, na hapo utaona faida yake.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la 1,000 linatosha. Kila jioni mistari mitano: nimeuza kiasi gani, nimenunua nini, nimetumia nini kingine, nani anadaiwa, nimechukua ngapi mimi. Wengi huacha kuandika wiki ya pili, na sababu wanayonipa ni uchovu. Ninavyoona mimi, wanaogopa. Namba zilizoandikwa zinatazama usoni. Mimi mwenyewe niliacha kuandika miezi minne kabla ya kufunga, na nikirudi nyuma naona niliacha wiki ileile nilipoanza kutoa fedha ya sukari kulipia mambo mengine.

Mwenye duka aongeze hesabu ya mzigo kila Jumapili usiku. Inachukua saa moja kwa duka la kawaida. Thamini kila kitu kwa bei ya kuuzia. Tuseme wiki ilianza na mzigo wa 400,000, katikati ukaongeza wa 350,000, na leo umebaki wa 380,000. Basi ulipaswa kuuza 370,000. Jumlisha fedha uliyopata, madeni ya wiki hiyo na vitu vilivyokwenda nyumbani. Ikija 340,000, kuna 30,000 imepotea. Huenda kijana wa dukani amechukua. Huenda pia panya wametoboa kiroba, umepima kwa mkono mwepesi, au mwanao alibeba soda bila kusema. Nimeona vijana wakifukuzwa kwa wizi ambao mwenye duka aliufanya mwenyewe kwa kuchukua kilo mbili za mchele kila siku bila kuandika. Hesabu kwanza, shuku baadaye. Na kijana umlipe tarehe inayojulikana, kwa kiasi kinachojulikana. Anayelipwa kwa kubahatisha naye hujilipa kwa kubahatisha.

Daftari lina thamani hata mbele ya mtoza kodi, na hili wengi hawajui. Kwa viwango vilivyoanza mwaka 2019, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi milioni 4 hatozwi kodi ya mapato. Mwenye mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7 asiyekuwa na kumbukumbu hutozwa 100,000 moja kwa moja, na mwenye kumbukumbu hutozwa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Mama wa genge anayeuza 15,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, anafikisha 4,680,000 kwa mwaka. Akiwa na daftari kodi yake ni 20,400. Asipokuwa nalo ni 100,000. Karibu 80,000 kwa ajili ya daftari la 1,000. Mpika supu wetu yuko juu zaidi kwa sababu kodi hii hupigwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Ya kwake lazima iingie kwenye gharama za kila siku kama mkaa unavyoingia. Nimeiacha pale juu ili hesabu isomeke, na ukiiongeza utaona zile 15,000 zinavyopungua na ule mkopo unavyozidi kutisha. Viwango hubadilika na bajeti ya kila Juni, kwa hiyo nenda ofisi ya mamlaka ya kodi ukaulize mwenyewe. Namba ya mlipakodi hupewi kwa fedha, ni bure. Usimlipe mtu wa nje ya geti.

Madeni ya wateja nayapitia kwa kifupi, maana kila mwenye duka ana uzoefu wake. Kutokopesha kabisa mtaani kwetu haiwezekani. Watu wanalipwa viwandani kwa wiki au kwa mwezi na wanakula kila siku. Weka kiwango cha kila mtu na kiwango cha duka zima. Jumla ya madeni ikifika fedha ya mzigo wa siku mbili, simama, hata aje mwenyekiti wa mtaa. Aliye na deni la zamani alipe angalau nusu kabla ya kuongeza. Na usimdai mtoto aliyetumwa mbele ya watu. Mfuate mama yake jioni, kwa upole, ukiwa na daftari mkononi.

Bei nazo wengi huiga kwa jirani. Jirani anauza chapati 300, na mimi 300. Lakini jirani ananunua unga kwa mfuko wa kilo 50 na wewe wa kilo 2. Jirani anakaa nyumbani kwao na wewe unalipa fremu. Bei yake haikuambii chochote kuhusu gharama yako. Kama soko linakataa upandishe, shusha gharama: wapika supu wanne wakinunua mkaa gunia moja wakagawana, kila mmoja anaokoa kitu kila siku. Sioni hilo likifanyika mara nyingi, na linanisikitisha, kwa sababu watu haohao wanashirikiana vizuri sana kwenye misiba.

Kuiga huku kunakwenda hadi kwenye biashara yenyewe. Kibanda cha chipsi kikichangamka, baada ya mwezi viko vinne, na wateja ni walewale. Kabla hujafungua, kaa siku tatu mahali hapo, asubuhi, mchana na jioni, uhesabu watu wanaopita na wanaoondoka bila kupata walichotaka. Pale machinjioni, kwa mfano, kila mtu anataka kuuza supu, lakini kunahitajika visu vya kunoa, mabuti, aproni, barafu, usafiri wa uhakika wa nyama. Na wenye ufundi wa kutengeneza vitu wasisahau kwamba SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, lina eneo lake Barabara ya Nyerere, jirani kabisa nasi. Wengi hulipita kwa daladala kila siku bila kuingia kuuliza.

Ile 3,000 ya dharura niliyoitaja, usiione ndogo. Agosti 2015 kipindupindu kiliingia Dar es Salaam, na wauza vyakula vya wazi walizuiwa kabla ya wengine wote. Desemba 2011 mafuriko yaliingia ndani ya nyumba na vibanda vya bonde la Msimbazi. Oktoba 2021 wamachinga waliondolewa kando ya barabara kuu za jiji. Mara zote hizo, mwenye akiba ya wiki mbili alikaa, akatafuta eneo, akarudi. Asiye nayo alikula mtaji wiki ya kwanza. Akiba ya 3,000 kwa siku 26 ni 78,000 kwa mwezi. Kwa miezi minne ni 312,000, zaidi ya ule mkopo uliotaka kukukausha. Na kama kibanda chako kiko chini kuelekea mtoni, nyanyua mzigo juu ya chaga kabla ya mvua za Machi.

Nimalizie na wewe ambaye rafu zako zimeshaanza kusema. Usifunge leo, na usikope leo. Hesabu vilivyobaki, uza vile visivyotoka kwa bei ya kununulia au hata chini yake, kwa sababu mishumaa iliyokaa miezi minane ni fedha iliyofungwa. Fedha hiyo nunua vitu vitatu tu vinavyouzika kila siku: unga, sukari, mafuta. Kama ni supu, punguza sufuria, pika bakuli 40 nzuri badala ya 70 nyepesi. Kama unadaiwa, mfuate mkopeshaji kabla hajakufuata, ukiwa na daftari, umwombe akupunguzie rejesho la siku na kukuongezea siku, na mliyokubaliana yaandikwe. Wengine hukubali, maana kuchukua godoro na televisheni yako hakuwarudishii fedha yao yote. Halafu tafuta kopo la pili. La kwangu lilikuwa la maziwa ya unga, nimelitoboa mfuniko, na fedha ya kwanza niliyoiweka, nilipoanza upya kwa genge la nyanya na vitunguu baada ya lile duka kufa, ilikuwa 11,000 ya mzigo wa asubuhi. Usiku ule mboga yetu ilikuwa mchicha bila nazi. Asubuhi nilikwenda sokoni Buguruni na 11,000 kamili.